Viatu Vinabana, Bangili Zinalegea

Maneno tuliyowaambia wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya Tuala, kuhusu chakula cha wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine

  Tunajua wengine mmetoka Ole Kasasi kwa miguu, na wengine mnataka kuwahi gari la Rongai, kwa hiyo hatutazunguka sana.

Zamani neno dialisisi halikuwa neno la kijijini. Lilikuwa la watu wa Nairobi wenye pesa. Siku hizi linatajwa kwenye mikutano yetu pamoja na karo na matanga. Mwaka 2015 serikali ya taifa ilianza mpango wa kukodisha vifaa kwa ajili ya hospitali za kaunti, na mashine za kusafisha damu zilikuwa miongoni mwa vifaa hivyo. Bima ya taifa nayo ikaanza kulipia. Zamani ilikuwa NHIF, na tangu Oktoba 2024 ni SHA. Basi mtu ambaye figo zake zimekufa kwa sababu ya sukari au presha, ambaye miaka ya nyuma tungemzika baada ya wiki chache, leo anaishi. Anaishi mwaka, anaishi miaka mitano, wengine kumi. Hilo ni jambo la kushukuru.

Lakini bima hulipia mashine. Hailipi nauli, na sahani ya nyumbani hailipi. Nauli tumeizoea sisi wa vikundi: tunachanga, tunatuma kwa simu, mgonjwa anapanda gari. Tumekuja kuwaambia kwamba kuna shimo lingine ambalo hatujalitazama. Tunamsaidia mtu afike kwenye mashine mara mbili kwa wiki, na wakati huohuo anakonda na kuisha nyumbani mbele ya macho yetu, na hakuna anayeona. Haonekani kwa sababu maji yamefunika ukondefu wake. Hilo ndilo neno letu la leo, mengine yote ni kulieleza.

Tuanze na mashine yenyewe, maana wengi hawajaiona. Figo zina kazi ya kuchuja damu: zinatoa uchafu, zinatoa maji yaliyozidi, zinalinganisha chumvi za mwilini. Zikifa, damu inatolewa kwa mrija, inapitishwa kwenye chujio, inarudishwa. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua saa nne. Daktari mmoja Mholanzi, Willem Kolff, ndiye aliyetengeneza figo ya kwanza ya mashine iliyofaa kwa tiba ya wagonjwa, mwaka 1943, wakati nchi yake imetekwa na Wajerumani na vifaa hakuna. Ngozi ya chujio lake ilikuwa ile karatasi laini ya kufungia soseji. Msicheke, ilifanya kazi! Lakini ilikuwa ya kumvusha mgonjwa siku chache tu, kwa kuwa kila safari mshipa mwingine ulikatwa, na mishipa haikui kama nyasi. Ni mwaka 1960, kule Seattle, Marekani, ambapo Belding Scribner alipata njia ya kuacha mrija mkononi ili mtu yuleyule asafishwe tena na tena. Mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, aliishi miaka 11 baada ya hapo. Tangu hapo mtu asiye na figo anaweza kuishi miaka, na hapo ndipo swali la chakula lilipoingia. Mtu wa siku tatu humuulizi anakula nini. Mtu wa miaka kumi lazima umuulize.

Sasa sikilizeni hili, kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi zinapopotea njia.

Mgonjwa wa figo ambaye bado hajaanza mashine huambiwa apunguze nyama, mayai na maziwa. Ni kweli. Vyakula vya kujenga mwili vikisagwa mwilini huacha uchafu, na figo dhaifu hazimudu kuutoa. Basi familia nzima inashika neno hilo: mgonjwa wa figo asile nyama. Linaandikwa moyoni. Miezi inapita, figo zinakufa kabisa, mtu anaanza mashine. Siku hiyo amri inageuka, kwa sababu sasa uchafu unatolewa na mashine, na mashine nayo haichagui. Kila kipindi inaondoka na gramu 6 hadi 12 za chembechembe za kujenga mwili, yaani mfano wa yai moja au mawili yanayotoka mwilini na kwenda kwenye bomba la maji machafu. Mtu huyu sasa anahitaji kula chakula cha kujenga mwili kuliko hata mimi na wewe tulioketi hapa. Wataalamu wanapima gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili, kila siku. Mtu wa kilo 60 anataka gramu 60 hadi 72.

Lakini nani aliiambia familia kwamba amri imegeuka? Mara nyingi hakuna, au aliambiwa mgonjwa mwenyewe siku ya kwanza ya mashine, akiwa amelala na kizunguzungu. Basi anaendelea na ugali na sukuma wiki, kila mtu anamsifu kwamba anashika masharti.

Ongeza hapo zile karatasi. Wengi wa wagonjwa hawa wana sukari, wana presha, na sasa figo. Kliniki ya sukari ilimpa karatasi ya vyakula asile. Kliniki ya presha ikampa yake, na ya figo nayo ina yake. Ukiziweka zote tatu mezani na kuzishika neno kwa neno, kinachobaki ni chai ya rangi bila sukari, tena kidogo. Mgonjwa anaogopa chakula. Na mtu anayeogopa chakula hali. Sisi tunasema hivi: kwa mgonjwa wa mashine, kutokula ni hatari kama kula vibaya, na mara nyingi ndiyo hatari inayomkuta kwanza.

Mtauliza, kwani hospitali hawampimi? Wanampima sana! Anapanda mizani kabla ya mashine na baada ya mashine. Lakini mizani hiyo ina kazi ya kupima maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtu asiyekojoa akinywa lita mbili tangu Jumanne hadi Ijumaa, anafika na kilo mbili zaidi, na mashine inazitoa. Ule uzito anaopaswa kubaki nao maji yakishatoka wanauita uzito mkavu. Daktari anaukadiria, unaandikwa kwenye faili, na muuguzi anaulenga kila safari.

Tuchukue mfano wa mama mmoja ambaye uzito wake mkavu ni kilo 58. Tumfikirie ni jirani yako hapa. Anakosa hamu, nyama imekuwa ghali, wajukuu wanakula kwanza. Kwa miezi minne anapoteza kilo nne za nyama ya mwili, za mapaja, za mabega. Mwili wake wa kweli sasa ni kilo 54. Lakini faili bado linasema 58. Muuguzi analenga 58, mashine inasimama hapo, mizani inasema 58, na kila mtu anaridhika. Kumbe kilo nne za mwisho ni maji! Lita nne zimebaki ndani, zimekaa mahali pa nyama iliyokwisha. Presha inapanda, anaongezewa vidonge. Miguu inavimba. Usiku hawezi kulala chali, anaegemea mito mitatu, anahema. Watu wanasema mashine imemshinda. Hapana. Ni njaa, na maji yameifunika.

Kinyume chake nacho kipo. Mtu akipata hamu, akanenepa nyama ya kweli, na faili halijabadilishwa, mashine itamvuta maji ambayo si ya ziada. Atabanwa na misuli, atazimia, presha itaanguka. Kwa hiyo habari ya hamu ya kula si umbea wa jikoni. Muuguzi anaihitaji kama anavyohitaji namba ya presha.

Nini kifanyike basi? Mwaka 1987 madaktari wa Toronto, Kanada, waliandika juu ya njia ya kupima lishe ya mgonjwa bila mashine yoyote: kuuliza na kutazama na kugusa. Je, amepungua miezi hii? Anakula kama zamani? Anatapika, anaharisha? Ana nguvu za kazi zake? Kisha unatazama mafuta chini ya macho, mabega, mapaja, na uvimbe wa miguu. Walikuta kwamba mtu aliyefundishwa vizuri akitumia macho na mikono yake anatambua waliodhoofika. Baadaye njia hiyo ikatumiwa kwa wagonjwa wa figo. Mwaka 1996 utafiti wa wagonjwa 680 wa Kanada na Marekani, wale wanaosafishwa kwa maji ya tumboni, ulionyesha kwamba walioonekana wamedhoofika kwa njia hiyo walikufa zaidi kuliko wenzao. Tunawaambia haya ili msidhani kwamba kutazama mtu ni kazi duni. Ni kipimo, na hospitali wanakitumia. Sisi hatuwi wataalamu wa lishe kwa kusikia hotuba moja, lakini tunaweza kuwa macho yao, kwa sababu tunamwona mgonjwa siku tano ambazo wao hawamwoni.

Kina mama, nyinyi mna kipimo ambacho Toronto hawakuwa nacho. Bangili za shanga. Mama aliyevaa bangili zake miaka kumi, zinajulikana zinakaa wapi mkononi. Zikianza kuteleza kuelekea kiwiko akiinua mkono, nyama imeondoka. Sasa tazama miguu. Bonyeza mfupa wa mbele wa ugoko kwa kidole gumba, hesabu hadi kumi, achia. Kama shimo limebaki, hayo ni maji. Akikuambia viatu vinabana na bangili zinalegea, mwili mmoja, wiki moja, usingoje. Huyo ndiye yule mama wa kilo 58. Uzito wake mkavu unatakiwa uangaliwe upya, na chakula chake pia.

Tazama tena kipaji cha uso, pale pembeni juu ya shavu, kama pamebonyea. Tazama mtulinga, kama umejitokeza kama mpini. Mwambie abane kidole gumba na cha shahada, utazame ile nyama ya katikati: kwa mtu mzima inavimba kidogo, kwa aliyekwisha ni bapa au ina bonde. Mapaja yanaisha mapema, na hayo hayaonekani kwa sababu ya shuka na leso. Kwa mapaja, mwambie ainuke kwenye kigoda bila kushika kitu. Mwezi uliopita aliweza, mwezi huu ameshindwa? Au zamani alibeba mtungi wa lita tano kutoka kwenye tangi na sasa hawezi? Andika.

Heshima lakini. Mama atazamwe na mama, mzee atazamwe na mzee wa rika lake, na wote waombwe ruhusa. Tumeona vijana wenye bidii wakiingia boma na mkanda mkononi kama wanapima nguo ya harusi. Mzee akakataa, na alikuwa na haki.

Huo mkanda tueleze namna yake, kwa sababu wahudumu wetu wa afya ya jamii wanaujua ule wa watoto wenye rangi tatu. Rangi zile si za watu wazima, msizitumie. Chukua mkanda wa fundi cherehani. Kwanza kabisa, uliza mkono wenye mshipa wa mashine ni upi. Mkono huo, ambao ukiugusa unasikia mtetemo kama paka anayekoroma, usiufunge kitu, usiubane, usiupime presha, wala asibebe mzigo mzito nao. Mshipa ule ukiziba, ameharibikiwa. Pima mkono mwingine. Kunja kiwiko, tafuta katikati kati ya ncha ya mfupa wa bega na ncha ya kiwiko, tia alama, kisha mkono uning'inie. Zungusha mkanda uguse ngozi bila kuibana. Andika sentimita na nusu zake. Pima siku ya pili baada ya mashine, si siku ya kwenda akiwa amejaa maji, na pima mara moja kwa mwezi, mtu yuleyule akipima. Usimlinganishe na jirani. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Mkono uliokuwa 28 ukawa 27 na kisha 26 na nusu ndani ya miezi mitatu, hiyo ni habari ya kupeleka.

Kuhusu kilo, jopo la kimataifa la wataalamu wa lishe ya figo mwaka 2008 liliweka mpaka ambao ni rahisi kukumbuka: akipoteza sehemu 5 kwa mia ya uzito wake ndani ya miezi mitatu bila kukusudia, au 10 kwa mia ndani ya miezi sita, hiyo ni dalili ya kuisha mwili. Kwa mtu wa kilo 60 ni kilo tatu, au sita. Hesabu kwa uzito wa baada ya mashine. Na hapa duniani kwetu tunapenda kusema mtu mwembamba ndiye mwenye afya, lakini kwa wagonjwa wa mashine tafiti nyingi zimekuta kwamba wenye mwili mkubwa kidogo wanaishi zaidi ya wembamba. Akiba inasaidia siku ya homa.

Tuje kwenye karatasi za maabara, kwa sababu watoto wetu waliosoma wanazisoma na kufurahi pasipo sababu. Kuna kipimo kinaitwa albumini. Ikishuka, wengi husema hali vizuri. Inawezekana. Lakini inashuka pia mtu akiwa na ugonjwa wa kuambukiza, kwa mfano mrija wa shingoni ukiingia vijidudu. Mlishe mayai kumi, kama mrija unaoza haitapanda. Kwa hiyo albumini ikishuka, waulizeni hospitali mambo mawili, chakula na uambukizo. Kuna kipimo kingine, kriatinini. Hicho familia inakijua tangu mwanzo: kikipanda figo zinakufa. Basi mtu yuko kwenye mashine, kriatinini inashuka mwezi baada ya mwezi, nyumbani wanasema figo zinafufuka! Mara chache sana ni kweli. Kriatinini hutoka kwenye misuli. Misuli ikiisha, nayo inashuka. Vivyo hivyo potasiamu na fosforasi: zikiwa chini sana, huenda anashika masharti vizuri, na huenda hali kabisa. Karatasi ya mtu asiyekula inaweza kuwa safi kuliko yako.

Sasa jikoni. Kajiado yetu ina mambo yake, na ushauri ulioandikwa kwa watu wa mbali haututoshi.

Nyama ale. Kipande cha nyama iliyoiva chenye ukubwa wa kiganja bila vidole kina karibu gramu 25 za kujenga mwili. Yai lina gramu 6. Lakini supu, wapendwa, supu ndiyo matata. Mzee wa Kimaasai akiugua anachemshiwa mifupa na mizizi na magome, na hiyo ni heshima tunayoijua. Kwa mtu asiye na figo supu hiyo ni maji asiyoweza kuyatoa, potasiamu iliyotoka kwenye nyama na mizizi, na dawa za miti ambazo figo hazipo za kuzichuja. Potasiamu ikizidi, moyo unasimama bila kupiga hodi. Tunasema: mpeni nyama, supu wanywe wengine. Akisikia mnamnyima kila kitu atakunywa kwa siri. Akipewa kipande kizuri cha nyama choma kisicho na chumvi nyingi, atawasikiliza kuhusu supu.

Maziwa ni vivyo hivyo. Ni chakula kizuri, lakini yana fosforasi na potasiamu, tena ni maji. Kiasi chake apimiwe na mtaalamu wa lishe wa hospitali, na apewe kwa kikombe kinachojulikana, si kwa kibuyu kinachopita. Chumvi ndiyo inayoleta kiu, na mwenye kiu hawezi kufundishwa asinywe maji. Na kumbukeni magadi! Yanachimbwa kwenye kaunti yetu hii, ziwa lipo, na tunayatia kwenye maharagwe na githeri ili viive upesi. Magadi ni sodiamu tupu. Kutoa chumvi na kutia magadi ni kufunga mlango na kuacha dirisha. Ile chumvi mbadala ya dukani nayo asiiguse, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu.

Mboga akatiwe ndogo, zichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe, kisha zikaangwe. Viazi vivyo hivyo. Ndizi, parachichi, na machungwa ndiyo ya kuhesabu. Maharagwe yalowekwe usiku, maji yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya. Yana chakula cha kujenga mwili, na kwa nyumba isiyo na nyama huenda mtaalamu akamruhusu kiasi. Tusijifanye hatujui hali. Kiangazi cha 2020 hadi 2023 kilimaliza ng'ombe wengi katika kaunti hii, na kuna maboma ambayo mpaka leo hayajarudi kuwa na maziwa. Kumwambia mama wa boma hilo ale nyama kila siku ni kumcheka. Ndiyo maana tumeleta jambo hili kwenye vikundi na hatukulipeleka kwa mgonjwa peke yake.

Hebu tazameni siku ya mashine. Anaamka saa kumi za usiku. Anapanda boda boda hadi barabarani, gari hadi Rongai au Kitengela, jingine hadi hospitali. Anangoja zamu. Saa nne kwenye kiti. Anarudi jioni amechoka kama aliyepigwa, anasema niacheni nilale. Siku hiyo hajala. Mara mbili kwa wiki, siku mbili kati ya saba, na ndizo siku ambazo mashine imemnyang'anya. Anayefunga siku mbili kila wiki mwaka mzima atabaki na nini?

Kwa hiyo pendekezo letu ni dogo. Kikundi kinachochanga nauli kichange na kifungu cha chakula. Mayai mawili ya kuchemsha na chapati, au nyama iliyokaangwa na wali, kwenye chombo safi. Wamuulize muuguzi ale saa ngapi, maana wengine wakila wakiwa kwenye mashine presha inashuka, na vyumba vingine haviruhusu. Basi ale kabla, au mara tu akitoka. Kikundi chenye kuku kitenge kuku wake: hawa watatu mayai yao ni ya fulani. Tumeona harambee za gari la maiti zikijaa kwa jioni moja. Trei ya mayai kwa mtu aliye hai haiwezi kuwa nzito kuliko hiyo.

Na mmoja wenu amsindikize mara moja kwa mwezi, abebe lile daftari la mkono na bangili na kigoda. Aulize kwa adabu: uzito wake mkavu ni kilo ngapi, na mara ya mwisho ulikadiriwa upya lini? Ameonana na mtaalamu wa lishe mwezi gani? Wauguzi wana watu wengi, wengine watakuwa wakali kidogo. Vumilieni, rudieni swali. Ukisema "amepungua sentimita moja na nusu mkononi tangu Januari na miguu inavimba," watasikia tofauti na ukisema "haendelei vizuri."

Baada ya hotuba tuliulizwa maswali, na mawili tunayaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo.

Mama mmoja aliuliza kama ni kweli kiini cha yai kimekatazwa. Fosforasi nyingi ya yai iko kwenye kiini, na fosforasi ikizidi hula mifupa na kuleta muwasho wa ngozi. Mtu ambaye fosforasi yake iko juu huenda akaambiwa ale ute wa mayai zaidi na viini vichache. Asiyeambiwa hivyo ale yai lake zima. Soda nyeusi ndiyo angeiacha kwanza, ina fosforasi iliyotiwa kiwandani ambayo mwili huinyonya karibu yote. Na kama amepewa vidonge vya kufunga fosforasi, vinamezwa pamoja na chakula. Vikimezwa tumbo tupu havina kazi.

Mzee mmoja aliuliza afanye nini na mke wake ambaye kila akiwekewa chakula anasema kina ladha ya chuma. Hilo linatokea kwao, uchafu wa damu hubadilisha ladha. Apewe kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku badala ya sahani kubwa mara mbili. Nyama ikiwa ya baridi harufu yake hupungua, na mayai au kuku huwa rahisi kwake kuliko nyama nyekundu. Ndimu kidogo juu ya chakula huamsha ulimi. Akiendelea hivyo wiki mbili, aambiwe daktari, maana huenda usafishaji wenyewe hautoshi. Wagonjwa wetu wengi husafishwa mara mbili kwa wiki, na kawaida ya nchi nyingi ni mara tatu. Mzee akasema kumbe si kiburi. Tukamwambia si kiburi, baba.

Mikanda sita ya kupimia tumeiacha kwa katibu wa kikundi cha mayai. Wenye mgonjwa waichukue kwake kabla ya mzunguko ujao.